Istilahi za Biashara ya Kimataifa na Uchukuzi wa Shehena Baharini: Maana, Kanuni na Mitego ya Tafsiri katika Kiswahili

Ikisiri

Biashara ya kimataifa huendeshwa kwa istilahi chache zenye uzito mkubwa wa kisheria. Neno moja katika mkataba wa mauzo laweza kuamua ni nani atakayebeba hasara meli ikizama, ni nani atakayelipa nauli, na ni nani mwenye haki ya kuidai shehena bandarini. Makala haya yanaeleza maana na kanuni za istilahi za msingi za uwanja huo, kisha yanachunguza namna zinavyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya tafsiri sisisi zinazotumika humpotosha msomaji, ilhali Kiswahili kina akiba ya msamiati wa bandarini ambayo ingeweza kumsaidia. Mwishoni tunapendekeza istilahi kadhaa na sababu za kuzichagua.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alitembelewa ofisini na mfanyabiashara mdogo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa wakala wa meli, pamoja na tafsiri ya Kiswahili aliyofanyiwa mjini. Tafsiri hiyo ilimwarifu kwamba shehena yake “imeingizwa katika wastani wa jumla” na kwamba alitakiwa kuweka dhamana. Yeye alidhani kwamba kampuni ilikuwa ikikokotoa wastani wa nauli za wateja wake wote. Na kwa kuwa nauli yake alikwisha kuilipa, aliiweka barua ile kando. Meli ilipowasili, shehena ilizuiliwa. Wakati anahangaika kujua kosa lake, siku za bila malipo zilikwisha na tozo za bandarini zikaanza kuhesabiwa. Barua ile haikuhusu wastani wa kitu chochote. Ilihusu hasara iliyotokea safarini, ambayo kila mwenye mali ndani ya meli alipaswa kuichangia.

Kisa hiki kinaonesha kwamba suala la istilahi za biashara si la wanaisimu peke yao. Uzito wake umeongezeka nchini Tanzania tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Mikataba ya mauzo ya kimataifa itaendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa muda mrefu, lakini migogoro inayotokana nayo itazidi kuelezwa, kubishaniwa na kuamuliwa kwa Kiswahili. Hakimu, wakili na mfasiri watahitaji maneno yanayobeba maana ileile ya kisheria.

2.0 Urithi wa Lugha ya Bandarini

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumzia shehena. Neno bandari limetoka katika Kiajemi, sawa na nahodha. Shehena na forodha yana asili ya Kiarabu. Forodha katika lugha hiyo hutaja mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha mizigo, na maana ya ofisi ya ushuru ilifuata baadaye. Hundi imetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako ilikuwa hati ya wafanyabiashara ya kuhamisha fedha kabla ya kuwa jina la karatasi ya benki tunayoifahamu leo. Meli yenyewe imetokana na neno la Kiingereza lililotaja vyombo vilivyochukua barua za posta.

Neno nauli linastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Asili yake ni Kigiriki, na limetufikia kupitia Kiarabu, likiwa na maana ya malipo ya kuchukuliwa kwa chombo cha baharini. Siku hizi wasemaji wengi hulihusisha na abiria wa basi au daladala, na baadhi ya wafasiri hulikwepa wanapotaja malipo ya kusafirisha mizigo, badala yake huandika “gharama za usafirishaji wa mizigo.” Kirai hicho ni kirefu na hakina mipaka, kwani gharama za kusafirisha mzigo ni pamoja na upakiaji, bima na malipo ya wakala. Nauli ni malipo anayolipwa mchukuzi kwa kazi ya uchukuzi. Ndiyo maana halisi inayotakiwa mkatabani.

Vilevile kuna kitenzi kugomboa. Katika matumizi ya zamani, kugomboa au kukomboa ni kukitoa kitu kilichowekwa rehani kwa kulipa kinachodaiwa. Bandarini, kugomboa mzigo ni kukamilisha taratibu za forodha, kulipa ushuru na tozo, kisha kuutoa mzigo. Wazungumzaji waliolichagua neno hili waliielewa vyema hali ya kisheria ya shehena iliyowasili: ipo chini ya mikono ya wengine wenye haki ya kuizuia mpaka walipwe.

3.0 Masharti ya Kimataifa ya Biashara

Masharti yanayojulikana ulimwenguni kwa jina la Incoterms yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye makao yake Paris. Yamerekebishwa mara nyingi, na toleo la 2020 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Lina masharti 11. Saba hutumika kwa uchukuzi wa aina yoyote, na manne, yaani FAS, FOB, CFR na CIF, ni ya uchukuzi wa baharini na njia za maji za bara. Masharti haya si sheria ya nchi. Huwa na nguvu pale wanaoingia mkataba wanapoyataja.

Kila sharti hujibu maswali matatu: nani atafanya kazi ipi, nani atalipa gharama ipi na mpaka wapi, na ni mahali gani dhima ya hasara huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Hayaelezi ni lini umiliki wa mali unahama, bei italipwaje, wala nini kitafuata mkataba ukivunjwa. Mambo hayo huamuliwa na vipengele vingine vya mkataba na sheria inayoutawala.

3.1 FOB na tatizo la neno “huru”

Katika sharti la FOB, muuzaji hutimiza wajibu wake anapoiweka mali ndani ya meli iliyoteuliwa na mnunuzi, katika bandari ya kupakilia. Tangu hapo gharama na dhima ya hasara ni za mnunuzi. Kabla ya toleo la 2010, mpaka ulikuwa ukingo wa meli: mzigo ukiangukia upande wa gatini, hasara ni ya muuzaji, ukiangukia upande wa ndani, ni ya mnunuzi. Toleo la 2010 liliuondoa mpaka huo wa kufikirika na kutaka mali iwe imekwisha kuwekwa melini.

Tafsiri iliyozoeleka ni “huru melini.” Msomaji asiyeijua FOB atauliza: nani yuko huru, na huru dhidi ya nini? Wapo wanaodhani kwamba mali hiyo imesamehewa ushuru. Maana iliyokusudiwa ni kwamba mnunuzi hadaiwi gharama za kuifikisha mali melini, kwa sababu zimo katika bei. Tunapendekeza “makabidhiano melini,” istilahi inayotaja tendo na mahali pake. Kwa mantiki hiyohiyo, FAS itakuwa “makabidhiano ubavuni mwa meli,” na FCA “makabidhiano kwa mchukuzi.”

Tofauti ya FOB na FCA ina athari katika biashara ya leo. Mali inayosafirishwa ndani ya kontena kwa kawaida hukabidhiwa kwa mchukuzi katika uwanja wa makontena, siku kadhaa kabla ya kupakiwa. Muuzaji aliyekubali FOB anaendelea kubeba dhima ya hasara katika siku hizo, ilhali kontena haliko tena mikononi mwake. Ndiyo sababu FCA hupendekezwa kwa shehena za makontena, ingawa mazoea ya kuandika FOB yameendelea.

3.2 CIF na mipaka yake miwili

CIF hufasiriwa “gharama, bima na nauli,” na tafsiri hiyo inafaa. Mtego wake uko katika kanuni yenyewe. Muuzaji hulipa nauli na bima mpaka bandari ya kufikia, lakini dhima ya hasara huhamia kwa mnunuzi mali inapowekwa melini katika bandari ya kupakilia. Mipaka ya gharama na ya dhima imetengana kwa umbali wa safari nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam ananunua vyombo vya kauri kwa dola 20,000, CIF Dar es Salaam. Vyombo vinavunjika njiani. Yeye anamdai muuzaji kwa hoja kwamba mali haijafika. Muuzaji anajibu, kwa haki, kwamba hasara si yake. Mnunuzi aitazame bima. Chini ya CIF, muuzaji hulazimika kukata bima isiyopungua asilimia 110 ya bei ya mkataba, yaani dola 22,000, lakini ya kiwango cha chini. Kiwango hicho hufidia majanga makubwa kama moto, kuzama, kukwama na kugongana kwa vyombo. Wizi haumo, wala kuvunjika kwa vitu kutokana na kushughulikiwa ovyo. Katika toleo la 2020, sharti la CIP linamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha juu, ilhali CIF imebaki na kiwango cha chini isipokuwa wahusika wakubaliane vingine. Herufi moja inatenganisha masharti haya mawili.

CIF huonekana pia katika ukadiriaji wa ushuru. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya forodha ya mali iliyoingia kwa meli hujumuisha nauli na bima mpaka bandari ya kuingilia. Kwa hiyo, mwenye ankara ya FOB ya dola 18,000, aliyelipa nauli ya 1,700 na bima ya 300, atatozwa kwa thamani ya 20,000. Ikiwa mali hiyo iko katika kiwango cha asilimia 25, ushuru utakuwa dola 5,000, si 4,500 kama alivyokadiria kwa kuitazama ankara peke yake.

3.3 “Hatari” au “dhima ya hasara”?

Katika tafsiri nyingi husomwa kwamba “hatari inahama” kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Katika Kiswahili, hatari ni jambo linaloweza kudhuru: dhoruba, moto, maharamia. Mambo hayo hayahami. Yako baharini kwa muuzaji na kwa mnunuzi sawia. Kinachohama ni wajibu wa kubeba matokeo yake. Ndiyo maana katika makala haya tumetumia “dhima ya hasara.” Mkataba unapohitaji kutaja matukio yenyewe, kama katika bima, neno “majanga” limekwisha kuzoeleka.

4.0 Hati ya Shehena

Hati ya shehena ni karatasi anayoitoa mchukuzi baada ya kupokea mali. Ina kazi tatu. Kwanza, ni stakabadhi: inathibitisha aina, idadi na hali ya mali iliyopokewa. Pili, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi. Tatu, ni hati ya umiliki: anayeishika kihalali ana haki ya kukabidhiwa shehena, na anaweza kumhamishia mwingine haki hiyo kwa kuidhinisha nyuma yake, hata meli ikiwa bado baharini.

Tafsiri inayoiita “risiti ya mzigo” inabeba kazi ya kwanza peke yake. Anayedhani ameshika risiti anaweza kuipoteza bila wasiwasi, kwa kuwa aliyelipa anajulikana. Aliyepoteza hati ya shehena iliyotolewa “kwa agizo” amepoteza ufunguo wa mali yake, na mchukuzi mwangalifu hatamkabidhi shehena bila dhamana ya kutosha. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na mojawapo ikishatumika kudai shehena, zilizosalia hukosa nguvu. Hati ya uchukuzi isiyo ya umiliki ni kitu kingine: mpokeaji aliyetajwa hujitambulisha tu na kupewa mali yake.

Sifa mbili za hati hii pia huhitaji uangalifu. “Hati safi” ni ile isiyo na maelezo ya mchukuzi kuhusu kasoro iliyoonekana kwenye mali au ufungaji wake. Haimaanishi kwamba mali ni bora. Mchukuzi hafungui masanduku. “Hati yenye dosari” ni ile iliyoandikwa, kwa mfano, kwamba magunia matano yameloa.

Wajibu wa mchukuzi unatawaliwa na mikataba ya kimataifa. Kanuni za Hague za mwaka 1924 zilimpa mchukuzi kinga dhidi ya hasara itokanayo na kosa la nahodha au mabaharia katika kuongoza au kusimamia chombo. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, zilizoanza kutumika mwaka 1992, ziliiondoa kinga hiyo. Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Kanuni za Hamburg.

5.0 Istilahi Tatu Zenye Mitego

5.1 “Wastani wa jumla”

Turejee kwenye barua ya yule mfanyabiashara. Meli ikiwa hatarini, nahodha anaweza kuamua kutosa sehemu ya shehena, au kuingia gharama isiyo ya kawaida, ili kuinusuru meli na shehena iliyosalia. Kanuni ya kale inasema kwamba hasara hiyo ya makusudi hugawanywa kwa wote walionufaika, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyookolewa. Kanuni hiyo ilihusishwa na watu wa Rhodes na ikahifadhiwa katika mkusanyiko wa sheria wa Mfalme Justinian wa mwaka 533. Leo hufuatwa kupitia Kanuni za York na Antwerp, ambazo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2016.

Ikiwa thamani ya meli na shehena zote ni dola 10,000,000 na hasara ya kuchangiwa ni 500,000, kila mmoja atachangia asilimia 5. Mwenye shehena ya dola 20,000 atatoa 1,000, hata kama mali yake haikuguswa. Mchukuzi ana haki ya kuizuia shehena mpaka apate dhamana ya mchango huo. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi 2021, mmiliki wake alitangaza utaratibu huu, na wenye makontena waliokuwa mbali kabisa na Suez walijikuta wakidaiwa dhamana.

Neno la Kiingereza linalotumika hapa lina sura moja na neno la wastani wa hisabati, na hapo ndipo mfasiri huteleza. Asili yake hutajwa kuwa neno la Kiarabu lenye maana ya kasoro au uharibifu wa mali, lililopitia Kiitalia. Maana ya hisabati ilizaliwa baadaye, kutokana na kazi ya kugawanya hasara hizo. Tafsiri ya “wastani” inakwenda, basi, kinyume cha historia. Tulifikiria “hasara ya shirika,” kwa kuwa shirika katika Kiswahili cha zamani ni hali ya kumiliki kwa pamoja, lakini msomaji wa leo angeielewa kuwa hasara ya kampuni. Tunapendekeza “hasara ya pamoja,” na malipo yake yaitwe “mchango wa hasara ya pamoja.” Kwa tendo la kutupa mali baharini, “kutosa shehena” inatosha.

5.2 “Barua ya mkopo”

Mnunuzi na muuzaji wasiofahamiana huogopana: mmoja hataki kulipa kabla ya kuona mali, na mwingine hataki kutuma mali kabla ya kulipwa. Benki ya mnunuzi huingilia kati kwa kuahidi kumlipa muuzaji iwapo atawasilisha hati zilizotajwa, zikiwa sahihi na kwa wakati. Tafsiri ya “barua ya mkopo” inamfanya msomaji afikiri kwamba muuzaji anakopeshwa fedha. Wengine huiita “dhamana ya benki,” lakini hicho ni chombo kingine, ambacho hutumika mhusika anaposhindwa kutimiza wajibu wake. Hapa benki hulipa pale muuzaji anapotimiza wajibu.

Kanuni zinazotumika zaidi, zijulikanazo kwa jina la UCP 600, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Zinaeleza kwamba benki hushughulika na hati, si na mali zinazotajwa na hati hizo. Benki ina siku tano za kazi za kuzikagua. Hati ya shehena yenye dosari, au tarehe ya kupakia iliyopita ukomo, inatosha malipo kukataliwa hata kama mali yenyewe haina kasoro. Kwa hiyo tunapendekeza “hati ya ahadi ya malipo,” ili neno ahadi libebe kiini cha jambo.

5.3 Tozo za kukawia

Mwenye kontena lililochelewa hudaiwa na pande mbili kwa saa tatu tofauti. Bandari, au bandari kavu, hutoza kwa nafasi ambayo mzigo umeikalia. Kampuni ya meli hutoza kwa kontena lake linalokaa bandarini baada ya siku za bila malipo kwisha. Kontena likishatoka, kampuni hiyohiyo hutoza ikiwa halikurejeshwa tupu kwa wakati. Katika ankara za Kiswahili, tozo zote tatu wakati mwingine huitwa “gharama za ucheleweshaji,” na mlipaji hajui amlalamikie nani wala aharakishe nini kwanza.

Utata huo huwaumiza zaidi wenye shehena zinazopitia Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia na Kongo, kwani kontena lao lina safari ndefu ya kwenda na kurudi. Tunapendekeza “tozo ya hifadhi” kwa malipo ya bandari, “tozo ya kukawiza bandarini” kwa malipo ya kontena ambalo halijatolewa, na “tozo ya kukawiza marejesho” kwa kontena lililotolewa na kutorudishwa. Mkataba wa kukodi meli nzima una tozo yake pia, anayolipwa mwenye meli muda uliokubaliwa wa kupakia na kupakua unapopita, hiyo yaweza kuitwa “tozo ya kukawiza meli.”

6.0 Vigezo vya Uteuzi

Katika mapendekezo haya tumeongozwa na mambo matatu. La kwanza ni kwamba istilahi itaje tendo au haki inayohusika badala ya kufuata sura ya neno la Kiingereza. La pili, neno lililokwisha kuzoeleka bandarini lipewe nafasi kabla ya kubuni jipya. Ndiyo maana hatukugusa kugomboa, bandari kavu, ankara wala wakala wa forodha. La tatu, istilahi za kundi moja zifanane kimuundo, kama tulivyofanya kwa makabidhiano na kwa tozo za kukawiza, ili ajuaye moja aweze kuzikisia zilizobaki.

Vifupisho vya herufi tatu, kama FOB na CIF, vibaki kama vilivyo. Ni alama za kimataifa, na kuvibadili kungezaa utata mpya. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yanayoandamana navyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kanuni za msingi za uuzaji na uchukuzi wa shehena baharini, na yameonesha kwamba tafsiri kadhaa zinazotumika huficha jambo ambalo mlipaji anahitaji kulijua. Mapendekezo yetu hayana nguvu ya usanifishaji; kazi hiyo ni ya BAKITA na vyombo vingine vyenye mamlaka. Tungependa yajadiliwe na wanaisimu pamoja na mawakala wa forodha, wanasheria, watu wa bima na makarani wa bandari, kwa kuwa wao ndio watakaoyatumia. Hatua ya kwanza ingeweza kuwa ndogo: ukurasa mmoja wa ufafanuzi wa Kiswahili uambatishwe kwenye taarifa za kuwasili kwa meli wanazotumiwa wenye shehena. Yule mfanyabiashara aligomboa mzigo wake hatimaye, baada ya kulipa tozo zilizozidi mchango aliokuwa akidaiwa. Ukurasa kama huo ungemwepusha na tozo hizo.